Chuma Kizima

Baba yangu hajawahi kuamini kitu chenye tundu ndani. Hata andazi likivimba vizuri kwenye mafuta, yeye hulibonyeza kwa kidole kwanza, na akikuta hewa tupu hulirudisha sahanini na kusema ameuziwa upepo. Mtu wa namna hiyo si wa kumwachia kazi ya bomba. Nilijua hivyo. Lakini karakana ni yake, mimi ni binti yake, na mtu mmoja ilibidi aende Bujumbura.

Jina lake ni Idi Feruzi. Babu yake alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakati wa Wabelgiji, akakaa hapa Rumonge, na tangu hapo wanaume wa nyumba yetu wamekuwa na kazi moja tu: mihimili ya boti. Mhimili ni ile fimbo ndefu ya chuma inayotoka kwenye mashini, ikapita chini ya sakafu, ikatokeza majini na kuzungusha propela. Ni chuma kizima, hakina tundu. Baba aliichonga, akainyoosha, akaipitishia ukucha kutafuta kasoro ambayo mtu mwingine asingeiona hata kwa taa. Boti kuanzia Muhuta mpaka Kabonga zilitembea kwa kazi ya mikono yake, na hakuwa na haja ya kulitangaza hilo kwa sababu hakuna aliyekuwa halijui.

Halafu dunia ikamgeuka. Wenye boti wakaanza kununua mashini za kuning'iniza nyuma, zisizohitaji mhimili wa Baba wala wa mtu yeyote. Kisha ziwa likapanda, likaingia karakana yetu ya bandarini mpaka juu ya meza, tukahamisha vyombo, likapanda tena, tukahamisha tena. Sasa tuko juu, kando ya barabara ya kwenda Nyanza-Lac, chini ya mabati, tunatengeneza chochote kinacholetwa: pikipiki, mashini za kukamulia mawese, magari. Anayelehemu ni mimi. Baba macho yake yameingia ukungu, mtu akisimama mbele yake anamjua kwa sauti. Lakini wateja wakifika wanamsalimia yeye fundi, na mimi wananiita mtoto wa fundi, ingawa mwanangu wa kwanza keshaoa.

Sikuwa nabishana nao. Ziwa lilichukua karakana, ukungu ukachukua macho. Hilo neno fundi ndilo lililobaki kwa Baba, na ndilo lililokuwa likimwamsha asubuhi. Nilimwona rafiki yake Uledi alivyokwisha watu walipoacha kumwita nahodha. Hakuugua ugonjwa wowote unaojulikana. Alikaa tu kitandani mpaka akaisha. Kwa hiyo nilikuwa nimekata shauri: neno la Baba halitamtoka nikiwa hai.

Basi akaja Zabroni na kardani yake.

Zabroni ni mmoja wa waliorudi kutoka Tanzania. Alizaliwa kambini huko, akarudi mtu mzima na mke wake Eliana, na Kiswahili chao mpaka leo kimenyooka kiasi kwamba sokoni wanapandishiwa bei. Ana pikapu kuukuu ya milimani. Kazi yake ni kushusha mikungu ya ngazi, yale matunda mekundu ya mchikichi, kutoka Kizuka mpaka kwenye mashini za mawese za hapa mjini. Tangu mazutu, yaani dizeli, ilipoanza kuwa ya kutafutwa kama dawa, analala kwenye foleni ya kituo, na akiipata anapakia gari mpaka linachuchumaa, kwa sababu hajui safari nyingine itakuwa lini. Ni mtu mpole, lakini uchovu umemkaa usoni kama vumbi, hata akicheka.

Kardani, kwa asiyeijua, ni bomba refu chini ya gari linalopeleka nguvu ya mashini kwenye magurudumu ya nyuma. Pikapu ile iliundwa kuvuta kwa magurudumu yote manne, ila kardani ya mbele ilikwishatolewa na mtu aliyekuwa na gari hilo kabla, hatujui kwa nini, na ya nyuma ikabaki inabeba kazi ya wawili. Aliyoileta Zabroni ilikuwa imejisokota kama shuka lililokamuliwa, halafu ikapasuka. Akatuachia gari na kurudi kwenye foleni na madumu yake. Alisema tufanye tunavyojua, yeye anatuamini. Watu wakikuamini hivyo ndipo unapotakiwa kuogopa.

Niliipima ile kardani nikaona ugonjwa wake. Bomba lilikuwa jembamba kwa mzigo ule. Nikamwambia Baba tutafute bomba nene zaidi, nikimaanisha nene kwa nje, la upana wa kopo la maziwa ya unga. Akauliza chuma chake kitakuwa kizito kiasi gani. Nikasema si kizito sana. Akacheka.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimweleza kama nilivyoelezwa nami na mafundi wa Uvira nilipokuwa nimeolewa huko, na kama nilivyokuja kuona kwa macho yangu. Chuma kikipindwa, kazi yote inafanywa na ngozi ya nje. Pale katikati pamelala tu, hapasaidii kitu, panaongeza uzito. Ukichukua chuma kilekile ukakisogeza mbali na katikati, ukakifanya bomba pana, kinashika kwa nguvu nyingi zaidi, kama vile mfuniko mpana unavyofunguka kwa urahisi kuliko kizibo chembamba. Ongeza upana kidogo tu, nguvu inaongezeka sana. Baba akasikiliza, kwa sababu si mjinga. Akaniuliza: na jiwe? Bomba likigongwa na jiwe la Kizuka likabonyea, litakuwa na nguvu gani? Hapo alisema kweli. Bomba lililobonyea limekwisha. Nikamwambia ndiyo maana nataka pana na lenye ukuta mnene, si lolote tu, na ndiyo maana lazima niende Bujumbura.

“Chuma muzima haibonyei,” akasema. Akarudi kwenye chai yake.

Nikaenda. Barabara ya Muhuta ilikuwa imekatwa tena na udongo ulioteremka na mvua, tukashuka garini, tukatembea kwenye tope, tukapanda gari jingine upande wa pili. Huko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nilizunguka kwenye vibanda vya vyuma chakavu mpaka miguu ikawaka moto, nikapata kardani ya lori dogo, pana nilivyotaka, ukuta wake mnene. Nikaikatisha kulekule ifikie urefu wa gari la Zabroni, vichwa vyake, yale maungio ya miisho yote miwili, nikavifunga upya, nikaikagua kama imenyooka. Nikarudi nayo begani, naitukana njia nzima.

Nilipofika karakana, Baba alikuwa ameketi anajipepea, ana furaha. Kazi ilikuwa imekwisha.

Alikuwa na kipande cha mhimili wa boti alichokificha miaka yote, chuma kizuri cha zamani, unene wa mpini wa jembe. Alikata vichwa vya kardani iliyopasuka, akamwita jirani amshikie mashini ya kulehemu na kumwelekeza, akakiunga kile chuma kizima katikati, akakipaka rangi, akakifunga chini ya gari kwa kupapasa. Na kulehemu kulikuwa kwema, siwezi kumsingizia. Mtu asiyeona alikuwa amenyoosha chuma kile kuliko ningeweza mimi. Nilipokigonga kikalia kama kengele. Lakini kilikuwa kizito mara mbili ya bomba langu na nguvu yake ya kuhimili kupindwa haikulifikia. Jinsi unavyoweza kumweleza hayo mzee anayejipepea kwa furaha, mimi sikuijua.

Nilimweleza hata hivyo. Nilimwambia kwenye boti mhimili ule ulikuwa sawa kwa sababu maji yana huruma; propela ikizidiwa huteleza majini, chuma kikapumua. Gurudumu likinaswa na mawe haliponi hivyo. Mashini inasukuma, jiwe linakataa, na kilicho katikati yao ndicho kinachoumia. Akasema mimi nimesoma Uvira na yeye amesoma kwa babu yake. Nikasema tukifungue. Akanijibu taratibu kwamba kazi yake haijasafiri.

Hapo ndipo aliponifunga. Bandarini kuna desturi ambayo kila mtu anaijua. Fundi akifunga mhimili, safari ya kwanza anapanda, anakaa juu ya kazi yake, ili boti ikizama izame na aliyeifunga. Na mpaka safari hiyo iishe hakuna fundi mwingine anayeigusa, kwa kuwa kuigusa ni kusema mbele za watu kwamba mwenzako hajui. Ni desturi nzuri sana kwa boti. Imewafanya mafundi wa hapa wawe waangalifu kuliko dua za mama zao. Kwa gari la milimani haikuwahi kupimwa, lakini Baba hakutofautisha, na bandari nzima ilikuwa imekwishasikia kwamba Idi Feruzi anapanda Kizuka na kazi yake.

Kwa hiyo nilifanya lile dogo nililoweza. Nilichukua rangi nyeupe ya mitumbwi, ile nzito inayovimba ikikauka, nikalala chini ya gari na kuchora mstari mmoja juu ya kile chuma, umenyooka kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kikianza kujipinda, mstari utasema. Zabroni aliporudi na mazutu yake nikamwambia safari hii asibebe watu, mzigo tu, kwa sababu ni ya majaribio. Bomba langu nikalitia nyuma ya gari pamoja na spana, nikalifunika kwa turubai. Baba alisikia linavyogonga bati.

Kupanda gari likiwa tupu hakukuwa na neno. Kwenye lami gari lilitetemeka kidogo, maana chuma kizito kikizunguka kwa kasi hakitulii, na Baba, aliyeketi mbele na kanzu yake safi, akasema hiyo ni nguvu inapumua. Zabroni akaitikia kwa heshima, kama anavyoitikia kila kitu. Tulipoacha lami nilimwomba asimame, nikaangalia chini. Mstari ulikuwa umenyooka. Baba akaniuliza nimeona nini, nikasema sijaona kitu, akatabasamu mpaka tukafika.

Kizuka tulipakia. Mikungu ya ngazi ina miiba, kila mtu mikono ilitoka damu kidogo, na kila mkungu uliorushwa juu niliuhesabu. Eliana, mke wa Zabroni, alikuwa amekwenda huko tangu jana yake kukusanya mzigo, akawa anarudi nasi. Wanawake wa soko walikuwa wamekaa na mabeseni yao wakingoja, kama wanavyongoja siku zote, kwa sababu gari jingine hakuna. Zabroni akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Akaanza kuwaambia leo haiwezekani, kwa sauti ile yake ya mtu ambaye hata kukataa kumemchosha, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kumsihi kwa Kirundi.

Baba akatoa kichwa dirishani. Akawaambia wapande, kazi ni ya Idi.

Wakapanda. Kumpinga pale, mbele ya wanawake wa soko ambao jioni wangekuwa wameifikisha habari Rumonge nzima kabla ya mawese kuchemka, ilikuwa ni kumuua. Kunyamaza ilikuwa ni kuwapakia wale mama juu ya kitu nisichokiamini. Nilipanda nyuma pamoja nao, na nikasema moyoni kwamba tukivuka mto nitasimamisha gari, liwalo na liwe.

Mto wenyewe si mto, ni kijito chenye mawe. Gurudumu la nyuma likaingia kati ya mawe mawili likanaswa. Zabroni akatia gia ndogo, akakanyaga. Mashini ikanguruma, gari likakaa palepale, halikwenda mbele wala nyuma, na katika kukaa huko nilijua nguvu yote ile inaingia wapi. Halafu likaruka, likatoka. Wanawake wakacheka na kumsifu dereva. Mimi nikagonga paa la gari kwa ngumi mpaka akasimama, juu kidogo ya kijito, penye tambarare kando ya migomba.

Nikaingia chini. Mstari wangu mweupe ulianza juu kabisa, upande wa boksi ya gia, kama nilivyouchora. Lakini kadiri ulivyokwenda nyuma ulikuwa umeangukia ubavuni, na ulipofika mwisho ulikuwa unaelekea chini. Chuma kizima cha Baba kilikuwa kimejisokota, na hakikurudi. Kilikuwa bado hakijakatika kwa sababu kilikuwa chema. Kwenye mlima wa mwisho, ulio mbele yetu kabla ya kushuka mjini, kingekatika.

Naomba hili lieleweke, maana ndilo lililonitoa jasho. Kwenye magari ya zamani ya namna ile breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika kardani, na kardani ndiyo inayoshika magurudumu. Kardani ikikatika mlimani, mashini haivuti tena, na breki ya mkono inabaki imeshika kipande cha chuma kisichoshikana na kitu. Breki ya mguu ya Zabroni ilikuwa ya kuombea dua. Gari lingerudi nyuma na mzigo wake, na mikungu, na mabeseni, na mtoto mgongoni kwa mama yake, mpaka kijitoni.

Nikatoka, nikaenda dirishani kwa Baba, nikamwambia kwa sauti ya chini ashuke. Akashuka. Nikamshika mkono tukachuchumaa ubavuni mwa gari, nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya ile rangi iliyovimba, pale mbele. Nikakiacha. Alikijua chuma kwa vidole kuliko watu wanavyokijua kwa macho. Sikuwa na haja ya kumwongoza. Akaufuata mstari polepole, na nikaona mkono wake unavyozunguka kuelekea ubavuni, halafu chini, mpaka kiganja kikageuka juu kama cha mtu anayeomba.

“Imejipinda,” akasema.

“Ndiyo, Baba.”

“Na iko muzima.”

“Iko muzima. Si kosa la chuma.”

Hakuutoa mkono. Alikuwa akipumua kwa mdomo, na kanzu yake safi ilikuwa imeingia kwenye tope, na mimi nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nilimkasirikia yeye, na wale wanaonunua mashini za kuning'iniza, na ziwa, na kila kitu kilichomfanya mtu aliyekuwa sahihi maisha yake yote akosee mara moja, mbele za watu, kwa kufanya kilekile alichokuwa akifanya alipokuwa sahihi.

Zabroni alikuwa amekuja nyuma yetu. Aliona mstari. Si fundi, lakini mtu hahitaji ufundi kuona mstari uliopinda. Nikamweleza habari ya mlima na breki. Uso wake ulibadilika taratibu, akageuka kumtazama Eliana aliyekuwa bado amekaa juu ya mikungu anazungumza na wenzake, halafu akageuka tena. Wanawake nao wakainama kusikiliza.

“Dada Chausiku, niambie ukweli,” akasema. “Nani ameamua kuweka hiki chuma? Mke wangu yuko juu pale.”

Nilimwangalia Baba. Alikuwa bado amechuchumaa, mkono juu ya chuma, uso wake umeelekea kwangu bila kuniona. Hakuniomba kitu, na hilo lazima niliseme kwa haki. Alingoja tu.

“Ni mimi,” nikasema. “Baba alitaka bomba. Alinituma mpaka Buja nilete, nikalileta, halafu mimi mwenyewe nikaona chuma kizima kina nguvu zaidi, nikafunga hicho. Kila kazi ya karakana hutoka kwa jina lake, kwa hiyo amepanda, lakini hakuniamini, ndiyo maana leo amelibeba bomba lake nyuma.”

Maneno yalitoka yamepangika, kama yaliyokuwa yakingoja nje ya mlango. Nikafunua turubai, nikawaonyesha bomba. Ushahidi gani tena? Bomba pana, limelala pale tangu Rumonge. Zabroni akalitazama, akanitazama, na kitu kikazima machoni mwake kuhusu mimi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru.

Nilidhani Baba atasema. Kweli nilidhani. Nilikuwa nimesema uongo ule ili abaki na jina lake, lakini mahali fulani ndani yangu nilikuwa nimempangia na yeye sehemu yake: kwamba atakohoa, ataniita jina langu, atasema hapana, huyu mtoto anasema uongo, kazi ni yangu. Na mimi nitabisha, na watu watatuona sote wawili tuna adabu. Nikangoja. Akainuka kwa shida, akajifuta kanzu, akasimama wima.

“Mutoto iko anajifunza,” akamwambia Zabroni. “Mumuvumilie.”

Basi.

Wanawake wakaanza kushuka. Mama mwenye mtoto akaja akamshika Baba mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kirundi, murakoze, murakoze muzee. Eliana akapiga goti nusu kwa desturi ya huko alikotoka, akamwambia shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo, kwamba Mungu ametumia vidole vyake kuwaokoa. Baba akaitikia marahaba. Mimi nikatafuta mawe ya kuzuia magurudumu, nikaingia chini ya gari, nikaanza kufungua bolti.

Alikuja akachuchumaa karibu, akawa ananipa spana. Hata sikumwomba, alisikia kwa mlio bolti gani imefikiwa, akanitilia mkononi ile inayofaa, kila mara. Kile chuma kilipodondoka kiliniangukia mkono, uzito wake wote, nikang'ata meno. Akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Nikaliinua bomba, jepesi, likakaa mahali pake bila kugusa chochote. Nikalifunga. Nilikuwa nimechoka namna ambayo kulala hakuondoi.

Tulipanda mlima wa mwisho watu wakitembea kando ya gari, kwa amri ya Zabroni, na bomba halikutikisika. Juu kileleni wakapanda tena. Baba alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma kwenye kona, na mama niliyekuwa karibu naye akasogeza mtoto wake upande wa pili, taratibu, kwa adabu, kama vile anataka tu kivuli.

Njiani nilijiambia ataniambia tukifika nyumbani. Tulipofika alioga, akavaa kanzu nyingine, akaenda kuswali alasiri. Nikajiambia basi akirudi. Alirudi na watu wawili wa bandarini, akiwa anawasimulia jinsi alivyoweka kidole kwenye chuma akajua. Walikuwa wanacheka kwa kumstahi. Mmoja akaniambia kwa upole nisivunjike moyo, hata mwizi wa samaki hujifunza kwa kunaswa. Niliwatengea chai, na jirani aliyemshikia mashini ya kulehemu nikamwomba asiseme.

Siku za kwanza nilikuwa nikimtazama usoni anapoisimulia, nitafute mahali anapojikwaa. Mwanzoni mahali hapo palikuwepo, aliharakisha kidogo alipofika kwenye sehemu yangu. Siku hizi haharakishi. Nadhani sasa anakumbuka hivyohivyo anavyosema. Wahenga walisema siri ya maiti aijuaye mwosha, lakini hawakusema mwosha afanye nini maiti akiwa anakunywa chai na kumshauri awe mwangalifu zaidi.

Sijutii, nikiulizwa. Nililolitaka nimelipata: anaamka asubuhi, anavaa, anakwenda karakana. Ila nilidhani ni kitu ambacho unalipa mara moja.

Bomba la Zabroni bado linavuta, limekwishapanda Kizuka misimu ya ngazi isiyo michache, na wenye magari mengine wameliona, wanakuja na kardani zao zilizojisokota wakitaka kama lile. Mimi napima, nakata, nalehemu, nanyoosha. Lakini Zabroni alikwishawaambia yaliyotokea kijitoni, na hakuna mwenye gari anayekubali gari lake litoke chini ya mabati mpaka mzee ahakikishe kazi ya binti yake. Kwa hiyo nikimaliza nafuta mikono na kumwita. Baba anakuja, anashika ubavu wa gari, anainama kwa shida na kupapasa pale mkono unapofika. Mwenye gari anangoja, mimi nangoja.

“Sawa,” anasema Baba, na wanamshukuru.